SOMO LA IJUMAA: KAMA MWEZI UNGEVUNJIKA, TUNGEBAKI NA NINI?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyeumba mbingu na ardhi, akaliweka jua na mwezi kila kimoja katika njia yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake, na wote wanaofuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Somo letu la leo linatokana na swali. Tangu habari za mawe ya angani zilipoanza kupita katika redio na katika matelefone, watu wanauliza: je, mwezi unaweza kugongwa ukavunjika? Na ukivunjika, dunia itabaki? Wengine wanauliza kwa kutaka elimu, na hao wana haki ya kujibiwa. Wengine wanauliza kwa hofu. Na hofu isiyo na elimu humfanya mtu auze mbuzi wake kwa bei ya kutupa, aache kupanda muhogo, au ampe franka zake mtu anayemwambia: "Nitakuandikia kinga ya mwisho wa dunia." Kwa sababu hiyo tumeona tuliangalie jambo hili kwa utaratibu, hatua kwa hatua.

1. MWEZI NI KITU GANI?

Mwezi ni jiwe kubwa la mviringo linaloizunguka dunia yetu. Kutoka hapa mpaka kule ni kilometa 384,000 hivi. Upana wake, ukipima kutoka upande huu mpaka upande wa pili ukipitia katikati, ni kilometa 3,474. Uzito wake ni mdogo kuliko wa dunia: ukiweka dunia upande mmoja wa mizani, utahitaji miezi 81 upande wa pili ili mizani ikae sawa.

Hauna nuru yake mwenyewe. Nuru tunayoiona ni ya jua, inaupiga mwezi na kurudi kwetu. Ndiyo maana jioni ya Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, dunia ilipoingia katikati ya jua na mwezi, kila aliyekuwa na anga safi aliuona ukigeuka mwekundu. Haukuwa na jeraha wala damu. Ulikuwa katika kivuli chetu, na baada ya saa chache ukarudi mweupe kama kawaida.

Mwezi huo hutoka katika hali moja na kurudi katika hali ileile, tuseme kutoka mwandamo mpaka mwandamo, kwa siku 29, masaa 12 na dakika 44 kwa wastani. Kwa hiyo mwezi wetu wa ibada huwa siku 29 au siku 30, haupungui hapo wala hauzidi. Qurani Tukufu, katika Sura Yunus (10) aya ya 5, inatufundisha kwamba mwezi umepimiwa vituo vyake ili watu wajue idadi ya miaka na hesabu. Weka neno hilo moyoni, hesabu, maana tutalirudia.

2. JE, KUNA MTU AU JIWE LINALOWEZA KUUVUNJA?

Wako wanaosema wakubwa wa dunia wana bomu la kuuvunja mwezi. Tupime maneno hayo. Bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa na binadamu lililipuliwa na Wasovyeti tarehe 30 Oktoba 1961, katika visiwa vya kaskazini vinavyoitwa Novaya Zemlya. Ukitaka kuuvunja mwezi kabisa, vipande vyake vitawanyike visirudiane tena, utahitaji nguvu ya mabomu kama hilo miliari 600 hivi. Hesabu hiyo haimo katika ghala la mfalme yeyote.

Mwaka 2009 maneno kama haya yalizuka. Tarehe 9 Oktoba ya mwaka huo Wamarekani waliangusha juu ya mwezi kipande cha roketi iliyokwisha kazi, ili vumbi liruke nao watafute maji ndani yake. Watu wengi duniani wakalia kwamba mwezi unapigwa bomu. Kilichotokea ni shimo dogo la meta 25 au 30, na dalili za maji zikaonekana. Usiku ule mwezi ulichomoza kama kawaida.

Halafu ni habari ya jiwe. Tarehe 27 Desemba 2024, darubini iliyoko Chile iliona jiwe la angani ambalo wataalamu walilipa jina la 2024 YR4. Lina upana wa meta 60 hivi, yaani kama nyumba ndefu ya ghorofa nyingi. Mwezi wa Februari 2025 walihesabu kwamba kuna nafasi kama 3 katika 100 ya kuigonga dunia mwaka 2032. Kisha, mwezi uleule, walipolipima tena, hatari hiyo kwa dunia ikaondoka. Baadaye, hesabu za mwaka 2025 zikataja nafasi kama 4 katika 100 ya kuugonga mwezi tarehe 22 Desemba 2032. Hesabu za namna hii hubadilika kila darubini inapopata kuliona jiwe tena. Lakini hata lingeugonga, lingechimba shimo la kilometa moja hivi. Ndugu yangu, utazame mwezi ukiwa mpevu usiku huu: umejaa alama za mapigo makubwa kuliko hilo mara nyingi sana, na bado uko mzima.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: kwa nguvu za binadamu, hapana. Kwa jiwe hilo, hapana. Na yale tunayosoma katika Sura Al-Qiyama (75), mwezi kupatwa na giza na kukusanywa pamoja na jua, ni habari ya Kiyama. Na elimu ya Saa hiyo iko kwa Allah peke yake, kama Sura Al-A'raf (7) aya ya 187 inavyofundisha. Anayekupa tarehe yake amekuambia jambo ambalo hata Mtume (s.a.w.) hakuambiwa.

3. LAKINI TUSEME UMEVUNJIKA

Hapa ndipo penye faida. Mtu hajui kazi ya nguzo mpaka ajiulize nyumba ingekuwaje bila nguzo. Tuseme basi mwezi umevunjika, tuangalie nini kingetupata.

Kwanza, vipande. Kuvunjika si kutoweka. Chungu kikivunjika, vigae vinabaki. Vigae vya mwezi vingine vingebaki juu vikiizunguka dunia kama mkanda, na vingine vingeanguka. Wataalamu wanasema miaka milioni 66 iliyopita jiwe la kilometa 10 hivi liliangukia Meksiko ya leo, na wanyama wakubwa waitwao dinosori wakaangamia. Sasa fikiri: ukiukata mwezi vipande vya ukubwa wa jiwe lile, utapata vipande zaidi ya milioni 40. Hata sehemu ndogo tu ingeanguka, tena kwa mwendo mdogo kuliko wa lile jiwe, hewa ingewaka moto na vumbi lingeliziba jua. Kwa hiyo hatari ya kwanza isingekuwa kukosa mwezi. Ingekuwa mwezi kutuangukia.

Pili, maji ya bahari. Sasa tuache vipande, tuseme mwezi umeondolewa taratibu bila kumdhuru mtu. Mwezi huyavuta maji ya bahari, na kwa sababu hiyo bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku katika pwani nyingi. Jua nalo huvuta, lakini nguvu yake katika kazi hii haifiki nusu ya nguvu ya mwezi. Vikivuta pamoja, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, ndipo ndugu zetu wa Unguja na Mombasa hupata bamvua: maji hujaa sana, kisha hukauka mpaka mbali. Wakati huo akina mama wa Unguja hushuka pwani kutafuta pweza na kuhudumia mashamba ya mwani. Mwezi ukiondoka, kingebaki kivuto cha jua peke yake, na kujaa kwa maji kungekuwa kama theluthi moja tu ya bamvua la leo. Miamba ambako pweza hukaa isingefunuliwa tena. Miti ya mikoko, ambayo huishi pale maji yanapoingia na kutoka, ingepoteza sehemu kubwa ya makao yake.

Utasema: "Sisi wa Kongo bahari iko mbali." Ni kweli, pwani yetu ni fupi, kilometa 40 hivi, kule Moanda na Banana. Lakini hata pale iko mikoko, na serikali iliiwekea hifadhi tangu mwaka 1992, maana ndani ya mizizi yake samaki wadogo hukua. Ukiharibu kitalu umeharibu na soko.

Tatu, usiku. Hili linatuhusu sisi watu wa maziwa. Wavuvi wa Kalemie na Uvira huvua ndakala kwa taa: huingia ziwani usiku wa giza, taa huwavuta samaki, wavu huinuliwa. Vivyo hivyo wavuvi wa sambaza katika ziwa Kivu. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huenea juu ya maji yote, samaki hawakusanyiki tena chini ya taa, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Mvuvi anaweza kusema: "Kumbe mwezi ukiondoka nitavua kila siku!" Pole pole, ndugu yangu. Zile siku za mbalamwezi ndizo nyavu hushonwa, mitumbwi huzibwa, na ziwa hupumzika na mkono wa mwanadamu. Anayevua bila siku ya kupumzisha ziwa, watoto wake watavua maji.

Na giza lina wanyama wake. Huko Tanzania watafiti walichunguza habari za watu karibu 500 walioshambuliwa na simba vijijini kati ya mwaka 1988 na 2009. Waliona kwamba mashambulizi yalizidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, hasa masaa ya kwanza ya usiku, kabla mwezi haujachomoza. Sababu ni kwamba simba huwinda kwa shida penye mwanga. Giza likirudi, anatoka na njaa, na watu bado wako njiani. Bila mwezi kila jioni ingekuwa giza la namna hiyo. Tunaoishi vijijini tusio na umeme tunaifahamu tofauti ya kutoka swala ya Isha kwa mbalamwezi na kutoka kwa kupapasa.

Nne, majira. Dunia yetu imeinama kidogo, nyuzi 23 na nusu hivi. Kwa kuinama huko jua huonekana likienda kaskazini na kurudi kusini katika mwaka, na mvua huenda pamoja nalo. Ndiyo sababu mkulima wa Katanga anajua kwamba kiangazi kitaingia mwezi wa Mei hivi na mvua zitarudi Oktoba au Novemba. Mwezi unasaidia kuushika mwinamo huo usitikisike sana, kama mkono unaomshika mtoto anayejifunza kutembea. Mwaka 1993 mtaalamu wa Ufaransa, Jacques Laskar, pamoja na wenzake, walihesabu kwamba bila mwezi dunia ingeweza kuyumba kutoka kusimama wima mpaka karibu kulala ubavu. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walihesabu upya, wakaona kuyumba huko kungekuwa kudogo zaidi, na kungechukua muda mrefu mno. Vyovyote iwavyo, ni jambo la mamilioni ya miaka. Wewe ungeendelea kupanda mahindi yako, na mjukuu wa mjukuu wako pia.

Kwa hiyo usimwamini anayesema siku hiyohiyo mvua zingekoma. Hata mchana usingebadilika siku hiyo: jua lingechomoza na kutua, na siku ingebaki masaa 24.

4. HESABU YETU NA IBADA ZETU

Sasa turudie neno tuliloliweka moyoni. Sura Al-Baqara (2) aya ya 189 inaeleza kwamba miandamo ya mwezi ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Hesabu wewe mwenyewe mambo yanayofungwa kwa mwezi: saumu ya Ramadhani, Idi mbili, Hija, mwaka wa Zaka, saumu ya siku nyeupe, na eda ya mjane, ambayo ni miezi minne na siku kumi. Saa hii iliyoko ukutani inahitaji betri, na kalenda ya karatasi inahitaji mchapaji. Mwezi unamtosha mchungaji porini asiyejua kusoma.

Je, ukiondoka, saumu ingeanguka? Baadhi ya Masahaba walikuwa wakiulizwa jambo, kwanza huuliza: "Limetokea?" Wakiambiwa halijatokea, huacha kutoa hukumu. Nasi hatutoi hukumu. Lakini tunaweza kuona mlango ambao dini yetu imeuacha wazi. Wakati mawingu yanapouficha mwezi, tumefundishwa kukamilisha siku 30: ibada haikuanguka kwa kukosa kuona. Na katika hadithi ya Dajjal iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaeleza Masahaba habari ya siku itakayokuwa ndefu kama mwaka. Hawakuuliza kwanza watakula nini wala watakimbilia wapi. Waliuliza kama swala za siku moja zitawatosha kwa siku ile. Wakaambiwa hazitatosha, bali wakadirie nyakati zake.

Tazama ndugu yangu uzito wa jambo hili. Alama ikipotea, wajibu haupotei, na watu hukadiria. Na hesabu ya kukadiria ipo: wataalamu wa nyota wa Kiislamu wa zamani walitengeneza kalenda ya miezi ya siku 30 na 29 kwa zamu, mwaka wa siku 354, na katika kila miaka 30 wakaongeza siku moja katika miaka 11. Elimu hiyo waliiandika wakiwa na mwezi juu ya vichwa vyao.

Lakini sisi mwezi tunao, mzima, bure, na bado tunagombana. Mtaa mmoja unasali Idi leo, mtaa wa pili kesho, na majirani wanaacha kusalimiana wiki nzima. Tunaogopa jiwe litakaloupasua mwezi mbinguni, na huku ulimi wetu unaupasua msikiti ardhini. Ufa huu wa pili ndio ulio karibu, na dawa yake iko mikononi mwetu: watu wazima waaminifu watoke kuutazama mwezi pamoja, habari ipelekwe kwa wazee wa jamaa, na likiisha kuamuliwa, kijana asilete fujo kwa sababu ya ujumbe alioupata katika telefone.

5. MAFUNZO TUNAYOPATA

La kwanza: tusiiunganishe mbingu na hofu zetu bila elimu. Mwaka wa 10 wa Hijra alikufa Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (s.a.w.), na siku hiyo jua likapatwa. Wanaohesabu nyota wanaipata siku hiyo kuwa tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema jua limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Mtume (s.a.w.), naye yuko katika huzuni ya mtoto wake, aliwakataza wasiseme hivyo. Akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akawaamrisha swala na dua. Angetaka utukufu wa dunia, siku ile angenyamaza tu, na watu wangeamini. Hakunyamaza.

La pili: habari ikikufikia, iulize maswali matatu kabla hujaipeleka mbele. Nani ameisema? Amejuaje? Na anayekuletea anataka nini kwako? Akitaka franka zako, umekwisha kumjua.

La tatu: tuishukuru neema kabla haijaondoka. Tangu mwaka 1969, Wamarekani walipoacha vioo juu ya mwezi, wataalamu hupima umbali wake kwa mwanga, na wanaona unaenda mbali nasi sentimeta 3.8 hivi kila mwaka, chini ya upana wa vidole vitatu. Hatuoni, lakini vimepimiwa. Neema nyingine zinaondoka haraka kuliko hiyo: afya, wazazi, ujana, maji safi ya mto wetu. Ziangalie hizo kwanza.

La nne: usiache kazi. Tumefundishwa katika hadithi kwamba hata Kiyama kikisimama, na mmoja wetu ana mche mkononi, kama anaweza kuupanda na aupande. Basi wewe uliyeacha kupanda kwa sababu ya habari za jiwe, jembe lako linakungoja. Wewe uliyetaka kumtoa mtoto shuleni kwa kusema dunia inakwisha, mrudishe Jumatatu asubuhi. Na wewe mvuvi, giza likirudi, washa taa yako, sema Bismillah, ingia ziwani.

Tunamwomba Allah atuzidishie elimu yenye faida, atuondolee hofu isiyo yake, auunganishe umoja wetu, awarehemu wafu wetu, aipe nchi yetu amani, na atujaalie kuuona mwandamo ujao tukiwa katika imani na afya. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina majina ya Allah na maneno ya dini. Usiitupe njiani wala usiifungie ndakala sokoni. Ukimaliza, mpe jirani yako asome.)